Miguu Miwili Huru au Ubao Mmoja: Jinsi ya Kuchagua Kati ya Skii na Ubao wa Theluji

Mlima Zugspitze, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Ujerumani, una kimo cha mita 2,962. Mlima Rungwe, ambao sisi tuliokulia Isongole tuliuona kila asubuhi tulipokuwa tukienda shuleni, unafikia mita 2,960 hivi. Milima hii inakaribia kulingana kimo, lakini mmoja hufunikwa na theluji kwa miezi mingi ya mwaka na watu huuteremka wakiwa wamefunga mbao miguuni, ilhali mwingine una migomba na chai chini yake na msitu mnene ubavuni. Tofauti hiyo ina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Rungwe uko nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na Zugspitze uko nyuzi 47 kaskazini. Ya pili husahaulika mara nyingi, nayo ni kwamba kwetu baridi na mvua havikutani. Juni na Julai umande wa Makete na Kitulo huganda juu ya majani ya viazi hadi shamba zima likaonekana kama limenyunyiziwa unga, lakini hiyo ni miezi ya kipupwe na anga lake ni kavu. Mvua zinaporejea Novemba, joto nalo limekwisha kurejea. Theluji huhitaji baridi na unyevu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtoto wa Nyanda za Juu Kusini huijua baridi kuliko Watanzania wengi, na bado anaweza kufika utu uzima bila kuigusa theluji.

Nayaandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa na mpwa wangu, ambaye amepata nafasi ya kwenda kusini mwa Ujerumani kwa mwaka mmoja wa kujitolea. Safari za namna hiyo si ngeni kwetu. Wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na undugu kati ya sharika za huku na za kule umeendelea vizazi kwa vizazi, kiasi kwamba kila mwaka kuna kijana wa Mbeya, Njombe au Iringa anayefunga sanduku kuelekea kwenye baridi ya kweli. Nilitazamia aniulize kuhusu lugha au chakula. Badala yake aliniuliza: “Mjomba, nikifika kule nijifunze skii, au nijifunze ule ubao mmoja wa kusimamia upande?” Alikuwa ametazama video nyingi kwenye simu na akachanganyikiwa, maana mmoja alisema skii ni rahisi, mwingine akasema ubao ndio rahisi, mmoja alidai skii huvunja magoti, mwingine akadai ubao huvunja mikono, na wote walizungumza kwa uhakika ule ule.

Niliishi kule kwa masomo kwa majira mawili ya baridi, nikajaribu yote mawili, na ninaweza kusema kwamba majibu yale yote yana ukweli ndani yake. Yanachanganya kwa sababu kila msemaji hutaja tokeo moja bila kutaja chanzo chake. Chanzo ni kimoja tu, na mtu akikishika anaweza kuyafikia mengine kwa akili yake mwenyewe. Kwenye skii, kila mguu una ubao wake, na mwili unaelekea kule unakokwenda. Kwenye ubao wa theluji, miguu yote miwili imefungwa juu ya ubao mmoja, na mwili unasimama kiubavu, bega moja likitangulia. Ugumu wa siku za kwanza, namna ya kuanguka, kiungo kinachoumia, usumbufu wa lifti (mitambo inayowapandisha watu mlimani) na hata aina ya suruali utakayohitaji, vyote vinatokana na jambo hilo.

Historia ya michezo hii miwili haina urefu sawa. Neno lenyewe “skii” limetoka katika lugha ya kale ya Wanorwei, ambamo lilimaanisha kipande cha mti kilichopasuliwa. Yeyote aliyewahi kuona gogo likipasuliwa kwa kabari kule Mafinga anaweza kukiona kipande hicho kwa macho ya akili. Kwa maelfu ya miaka watu wa kaskazini walivaa vipande hivyo ili wasizame kwenye theluji walipokuwa wakiwinda au kwenda kwa jirani. Mchezo ulikuja baadaye sana. Mwaka 1924, Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Chamonix, Ufaransa, skii ilikuwemo, lakini ile ya kuteremka milima kwa kasi ilisubiri hadi mwaka 1936, kwenye Michezo ya Garmisch-Partenkirchen, mji ulio chini kabisa ya Zugspitze niliyoitaja.

Ubao wa theluji ni mtoto wa juzi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan nchini Marekani, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili kuwa kitu kimoja ili mwanawe apate kusimama juu yake na kuserereka mlimani. Baadaye wengine, akiwemo Jake Burton Carpenter aliyeanza kutengeneza mbao zake Vermont mwaka 1977, waliongeza vifungio vya miguu na kingo za chuma. Kwa miaka mingi wenye milima ya skii waliwakataza vijana wa ubao wasiingie, na hadi miaka hii ya karibuni Alta, Deer Valley na Mad River Glen, zote za Marekani, zimeshikilia katazo hilo. Olimpiki iliupokea ubao mwaka 1998, huko Nagano, Japani. Ninayataja haya kwa sababu yale maneno kwamba skii ni ya wazee na ubao ni wa vijana yana mizizi katika ugomvi huo wa zamani, na hayamsaidii hata kidogo mtu anayechagua leo. Kwenye mteremko wa kawaida wa Ulaya utamkuta babu juu ya ubao na mjukuu wake juu ya skii.

Sasa niingie kwenye siku za kwanza, ambako ndiko wengi hukata tamaa.

Anayeanza skii hufundishwa kwanza kuzikutanisha ncha za mbele na kuzitanua zile za nyuma, hadi skii mbili zikafanya umbo la kabari. Wajerumani huuita mkao huo kwa jina la plau ya kusukumia theluji. Ukitanua zaidi, kingo za ndani huikwaruza theluji na unapunguza mwendo. Ukikaza kabisa, unasimama. Kwa kuwa miguu imetengana, unaweza kuinua mmoja, kuupeleka pembeni, kujizuia usianguke, kama vile ungefanya kwenye njia ya utelezi ya Tukuyu wakati wa masika. Tena una fimbo mbili mikononi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kujua kusimama na kugeuka kwenye mteremko mdogo ndani ya siku ya kwanza, na jioni yake akahisi kwamba amefanya jambo.

Ugumu wa skii umejificha mbele. Kuitoka kabari na kuteremka skii zikiwa sambamba, zikiinama pamoja na kugeuka pamoja, ni kazi ya wiki nyingi, na kwa wengi ni ya miaka. Miguu miwili huru ina maana ya miguu miwili inayoweza kukosana. Nimewaona watu waliofika kila mwaka kwa wiki moja, kwa miaka kumi, na bado walipofika penye mteremko mkali kabari yao ilirudi bila wao kuiita.

Ubao huanza kinyume kabisa. Hapo huna mguu wa kutupa pembeni. Ubao una kingo mbili za chuma, moja upande wa visigino na nyingine upande wa vidole, na wakati wowote unapoteleza lazima ule ukingo ulio upande wa juu wa mlima ndio uikwaruze theluji. Ukiruhusu ule wa upande wa chini uguse theluji, hata kwa nusu sekunde, hujikita humo, ubao husimama ghafla, na mwili wako, ambao haujaambiwa kusimama, huendelea na safari. Huanguki polepole. Hutupwa chini mzima mzima, kwa mgongo au kwa kifua, kutegemea ulikuwa umeelekea wapi.

Hilo ndilo lililonipata asubuhi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimesimama kwa visigino, uso ukiangalia bonde, nikiteleza taratibu kama majani makavu yanayoshuka, na mwalimu alikuwa ameshaniambia mara tatu nisinyooshe miguu. Nikaona mtoto wa miaka kama mitano akinipita kwa skii zake, nikafurahi, nikanyoosha mwili ili nimtazame. Ubao ukalala, ukingo wa vidole ukakamata theluji, na kabla sijajua kinachotendeka nilikuwa kifudifudi, viganja vyote viwili vimetangulia, theluji imejaa ndani ya mikono ya koti. Kifundo cha mkono wa kulia kilivimba, na kwa wiki mbili nilishika kalamu kwa shida. Kosa lilikuwa langu: sikuvaa vikinga vya mikono, ingawa duka la kukodi lilikuwa navyo.

Lakini mtu akizivuka siku tatu au nne za namna hiyo, mlango hufunguka. Anajifunza kuhama kutoka ukingo wa visigino hadi ukingo wa vidole na kurudi, na kuanzia hapo maendeleo yake huwa ya haraka kuliko ya mtu wa skii. Hana miguu miwili ya kupatanisha. Ana chombo kimoja, na akikiinamisha kinageuka. Kwa hiyo wanaosema skii ni rahisi wanazungumzia siku tatu za kwanza, na wanaosema ubao ni rahisi wanazungumzia wiki ya pili. Wote wako sahihi, kila mmoja kwa kipindi chake.

Kuna jambo moja ambalo ni sawa kwa vyombo vyote viwili, nalo ndilo ninalopenda kulieleza kwa mfano wa mlima Kitonga. Aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa anaujua: barabara haiupandi mlima moja kwa moja, bali hujipinda huku na huku ubavuni mwake. Aliyeichora alifanya hivyo kwa sababu njia inayokata mlima kwa upande ina mwinuko mdogo kuliko ile inayoshuka wima, na gari linaweza kuimudu bila kuunguza breki. Mteremshaji wa theluji huichora Kitonga yake mwenyewe kwa kila mpindo. Mgeni hudhani kwamba kasi hupunguzwa kwa kukaza breki, kumbe hupunguzwa kwa kugeuka: unaukata mlima kwa upande, kasi inashuka, unageukia upande wa pili, unapita kwa muda mfupi mahali ambapo mbao zimeelekea chini moja kwa moja, kisha unaukata tena. Kile kipande kifupi cha kuelekea chini ndicho kinachowatisha wanafunzi wote, na dawa yake inakwenda kinyume na silika. Ukiogopa na kuegemea nyuma, mbao huacha kukutii, maana uzito wako umeondoka kwenye ncha za mbele zinazoongoza. Inabidi uegemee kule kule unakoogopa.

Suala la kuumia linastahili kuelezwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linalowatia hofu zaidi wazazi wetu.

Kiatu cha skii ni cha plastiki ngumu na kinafika katikati ya muundi. Ukitembea nacho unatembea kama mtu aliyefungwa plasta. Ugumu huo hukilinda kifundo cha mguu, lakini nguvu ya kusokota haipotei, hupanda juu hadi kwenye goti. Skii ni ndefu, hivyo ikinasa na kugeuka upande wake peke yake, humsokota mtu kama mpini unavyosokota jembe. Kano za goti ndizo zinazokatika mara nyingi katika skii, hasa ile ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana ndani ya goti. Ili kupunguza hatari hiyo, vifungio vya skii vimeundwa vifyatuke na kuuachia mguu nguvu inapozidi kiasi, na kiasi hicho hupangwa na fundi wa duka la kukodi kulingana na uzito wako, kimo, umri, ujuzi na urefu wa soli ya kiatu. Hapa nina ombi la dhati kwa kijana yeyote atakayesoma makala haya: usiongopee uzito wako, na usijifanye mjuzi mbele ya fundi. Kifungio kilichokazwa kupita kiasi hakitafyatuka siku unayokihitaji, na hapo goti ndilo litakalolipa. Jeraha jingine la skii ni la kidole gumba, pale mtu anapoanguka akiwa bado ameishikilia fimbo.

Ubao una viatu laini, na vifungio vyake havifyatuki. Kwa kuwa miguu yote miwili imeshikwa pamoja, mmoja hauwezi kusokotwa kivyake, na magoti hupona zaidi. Mzigo unahamia juu: anayeanguka hunyoosha mikono, na vifundo vya mikono ndivyo vinavyovunjika, hasa kwa wanaoanza, nyuma yake huja bega, na kisogo kwa anayeanguka chali. Vikinga vya mikono hupunguza mivunjiko hiyo, na namna ya kuanguka hupunguza zaidi. Ukielekea mbele, kunja ngumi na upokee anguko kwa magoti na kwa sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Ukielekea nyuma, chuchumaa kwanza, ukae kwenye makalio, kisha ujiviringishe kuelekea mgongoni huku kidevu kimebanwa kifuani. Helmeti ni lazima kwa michezo yote miwili, na katika hili sitaki ubishi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si lipi lina hatari zaidi. Jiulize ni kiungo gani huwezi kukikosa. Aliyewahi kuumia goti uwanjani, na vijana wetu wengi wa mpira wameumia, afikirie sana kabla ya kuchagua skii. Fundi cherehani, seremala, muuguzi, au yeyote anayekula kwa mikono yake, afikirie sana kabla ya kuchagua ubao.

Mambo mengine ni ya usumbufu tu, lakini usumbufu wa kila siku nao huchosha. Penye tambarare, mtu wa skii hujisukuma kwa fimbo zake. Mtu wa ubao aliyeishiwa mwendo hufungua mguu mmoja na kusukuma kama mtoto mwenye baiskeli ya mbao, au huuchukua ubao kwapani na kutembea. Kwenye lifti ya viti, mtu wa ubao huufungua mguu wa nyuma kila anapopanda na kuufunga tena kila anaposhuka, na mara nyingi huufunga akiwa ameketi kwenye theluji. Lifti ya kukokota, ile ambayo kijiti chenye umbo la nanga hukuvuta ukiwa umesimama, ni rahisi kwa mwenye kuelekea mbele na ni mateso kwa aliyesimama kiubavu. Kuhusu kuona, mtu wa skii anaona pande zote mbili, ilhali mtu wa ubao daima ana upande mmoja nyuma ya mgongo wake asiouona. Kila anayempita anapaswa kulijua hilo. Kwa upande mwingine, theluji mpya na laini ikiwa imejaa hadi magotini, ubao mpana huelea juu yake kwa raha ambayo anayeanza skii hawezi kuipata, na jioni ikifika mtu wa ubao anatembea na viatu vyake laini kama mtu wa kawaida wakati mwenzake anavuta miguu ya plastiki.

Gharama hazitofautiani kiasi cha kuamua jambo. Kilicho ghali ni tiketi ya lifti, na bei yake ni moja kwa wote. Vifaa anayeanza akodi, asinunue. Nguo zinaweza kutafutwa hapa hapa nyumbani. Ukipita kwenye mitumba ya Mwanjelwa na kukuta koti nene lenye mfuko mdogo wa zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, na ndani yake lina kama sketi fupi yenye mpira kiunoni, ujue kwamba lilishonwa kwa ajili ya theluji. Mfuko ule ni wa tiketi ya lifti, ambayo husomwa na mashine unapopita getini, na ile sketi huzuia theluji isiingie mgongoni unapoanguka. Tumeyavaa makoti hayo miaka mingi kwenye baridi ya Uyole bila kujiuliza vile vitu vilikuwa vya nini. Suruali isiyopitisha maji ni muhimu kwa yeyote, lakini kwa anayeanza ubao ni muhimu mara mbili, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku yake ataipitisha ameketi.

Wapo wanaoogopa kwamba wakichagua kimoja wamefunga mlango wa kingine. Hofu hiyo haina msingi. Kilicho chini ya vyote viwili ni ukingo wa chuma, mteremko na mpindo, na anayejua kimoja hujifunza kingine kwa siku chache kuliko mgeni. Ushahidi mkubwa ni Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech, ambaye kwenye Michezo ya Pyeongchang ya mwaka 2018 alishinda dhahabu katika mbio za kuteremka kwa skii zinazoitwa super-G, kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha siku chache baadaye akashinda dhahabu nyingine kwa ubao. Alipomaliza ile ya skii alisimama akiutazama ubao wa matokeo kwa muda, hakuamini.

Kuna pia njia ya tatu, ambayo nadhani inawafaa watu wa nyanda za juu kuliko wanavyoelezwa. Ni skii ya kutembea na kukimbia nyikani, ambayo haina lifti wala miteremko mikali. Skii zake ni nyembamba, kiatu ni chepesi na kisigino kiko huru, na mtu husonga kwa nguvu ya mapafu na mapaja. Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alishiriki mbio za kilomita 10 za skii hiyo kule Nagano mwaka 1998, Michezo ile ile iliyoupokea ubao. Alimaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekuwa ameshinda muda mrefu kabla yake, alibaki mwishoni mwa njia akimsubiri, na alipofika akamkumbatia. Kila nikikumbuka tukio hilo naguswa upya, kwa sababu mshindi yule alijua vizuri ni umbali gani mtu yule alikuwa ametembea kabla ya zile kilomita kumi. Kijana aliyezoea kupanda Loleza asubuhi na kurudi, anayetaka kuifahamu theluji bila kulipia tiketi ya lifti kila mara, aifikirie njia hii.

Kwa asiye na safari ya Ulaya, theluji ya kuteremkia iliyo upande wetu wa dunia iko Lesotho, katika milima ya Maluti, ambako kituo cha Afriski kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu wake ni ule ule ambao jalidi huanguka Makete, Juni hadi Agosti, na kwa kuwa kipupwe cha kule nacho ni kikavu, sehemu kubwa ya theluji hutengenezwa kwa mashine zinazorusha maji hewani usiku wa baridi kali. Mteremko ni mmoja mkuu na si mrefu, lakini kwa kujifunza unatosha.

Basi nichague nini? Kwangu mimi, kipimo cha kwanza ni idadi ya siku, na ninakiweka mbele ya vingine vyote. Mwenye siku mbili au tatu tu katika maisha yake yote, aliyealikwa na wenyeji mwishoni mwa juma, achukue skii, kwa kuwa ataondoka akiwa ameteremka kweli. Akichukua ubao, ataondoka siku ambayo maumivu yalikuwa yanakaribia kulipa. Mwenye majira mazima ya baridi ana uhuru wa kuchagua kwa moyo wake, na hapo ndipo magoti na mikono huingia kwenye hesabu, pamoja na wenzake. Ukijifunza kile wanachokitumia wale utakaoishi nao, utakuwa na watu wa kukusubiri chini ya mlima na wa kukuinua ukianguka, na jambo hilo lina uzito kuliko video zote za simu. Na chochote utakachochagua, lipia mwalimu kwa siku ya kwanza. Rafiki anayejua mchezo anaweza kukupenda sana na bado akakupeleka juu mno mapema mno.

Mpwa wangu atakuwa na Jumamosi nyingi kati ya Desemba na Machi, hivyo siku si tatizo lake. Magoti yake ni mazima. Lakini yeye ndiye mpiga kinanda wa kwaya, na huko aendako ameshaombwa apige kinanda kwenye ibada, kwa hiyo nimemshauri aanze na skii, na ubao aujaribu majira yakikaribia kwisha, akiwa na vikinga vya mikono. Alikubali, kisha akaniuliza namba ya kiatu. Viatu vya skii hupimwa kwa sentimita za urefu wa unyayo. Tulitandika karatasi sakafuni, akasimama juu yake na soksi nene, nikapiga mstari nyuma ya kisigino na mwingine mbele ya kidole kikubwa. Sentimita 27 na nusu. Ameiandika kwenye daftari lake, chini ya namba ya pasipoti.